Uliza Mkutubi: Utafiti wa michezo upo, shida ni namna tunavyousachi

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za michezo, nadhani ni kwa sababu vyuoni ndo msimu wa propozo, ila pia wapo makocha na walimu ambao hawasomi chuo chochote na wanataka kusoma utafiti wenyewe badala ya kutegemea klipu za dakika moja za mitandaoni, na hilo limenifurahisha sana kiukweli. Nimechukua nne. Mbili za mwanzo nitakaa nazo muda mrefu mana ndani yake kuna maswali ya watu wengi.

Shikamoo dada. Nipo mwaka wa tatu, nasomea elimu ya michezo. Utafiti wangu ni kuhusu wachezaji wa mchangani kuumia nyama za paja na kama kupasha misuli kunasaidia. Nimeingia PubMed nikaandika swali langu lote kama lilivyo, haikuleta kitu. Nikaandika football injuries, ikaleta maelfu na mengi ni ya wale wanaovaa helmeti. Supavaiza anataka nieleze nimesachi wapi na kwa maneno gani. Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Sinza

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mada, inahitajika sana huku kwetu. Shida yako si PubMed, ile databezi (hifadhi ya kusachi) ya makala za tiba, na wala si Kiingereza chako. Umeiuliza databezi kama unavyomuuliza mtu, wakati yenyewe kazi yake ni kutafuta maneno uliyoandika kwenye kichwa cha makala, kwenye ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa makala), na kwenye maneno ya mada ambayo makala imebandikiwa. Ukiipa sentensi yenye maneno kumi na tano inaanza kutafuta makala yenye yote kumi na tano, haiioni, inakurudishia patupu. Ukiipa mawili mapana nayo inakumwagia kila kitu.

Kwahiyo kabla hujawasha bando chukua karatasi uchore safu tatu. Ya kwanza ni watu gani, ya pili ni jeraha gani, ya tatu ni nini kinafanyika kulizuia. Halafu kila safu uijaze majina yote ambayo watafiti wanayatumia kwa kitu hicho hicho, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe. Safu ya kwanza weka "football", "soccer", "players", "athletes". Safu ya pili ujiulize kwanza unamaanisha nyama zipi, kwa sababu mtangazaji wa redio akisema mchezaji kaumia nyama za paja inaweza kuwa nyuma, mbele au kule ndani karibu na kinena, na kwenye utafiti hayo ni majeraha matatu yenye mafaili matatu. Kama ni nyuma ya paja, ambako ndo wengi wanachanika wakiwa kwenye mbio kali, weka "hamstring", "posterior thigh", "biceps femoris". Safu ya tatu weka "warm-up", "FIFA 11+", "Nordic hamstring", "eccentric training", "injury prevention".

Sasa unaunganisha. Maneno ya safu moja yanaunganishwa kwa OR, yani lolote kati ya haya linanifaa. Safu na safu zinaunganishwa kwa AND, yani lazima kila safu iwe na mwakilishi. Andika OR na AND kwa herufi kubwa. Ukibonyeza "Advanced" pale PubMed unaweza kusachi safu ya kwanza peke yake, kisha ya pili, kisha ya tatu, na zote zinabaki kwenye historia hapo chini na namba zake, halafu mwishoni unaziunganisha zote tatu kwa AND. Mimi napenda njia hii kuliko kuandika mstari mmoja mrefu wenye mabano kibao, kwa sababu ukipata matokeo machache sana unaona wazi ni safu ipi imekubana.

Vitu vidogo viwili vya kujua. Alama za kufungua na kufunga semi zinafunga maneno yakae pamoja, kwahiyo "biceps femoris" ikiwa ndani ya alama hizo haitakuletea biceps ya mkononi. Na kinyota mwishoni mwa mzizi wa neno kinaleta mikia yote, injur* inaleta "injury", "injuries" na "injured" kwa mpigo. Ila PubMed ukiweka kinyota inaacha kukutafutia majina mbadala ya lile neno kama inavyofanya siku zote, kwahiyo kitumie pale unapokihitaji kweli. Neno NOT liogope. Mtu anaandika NOT "women" akidhani anaondoa tafiti za wanawake, kumbe anaondoa pia kila utafiti uliopima wanaume na wanawake pamoja.

Nirudi kwa wavaa helmeti, mana hilo limenichekesha ila lina sababu yake. PubMed inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imekuwa wazi bure kwa kila mtu tangu 1997, na makala zake nyingi zimebandikwa maneno ya mada kutoka kwenye orodha rasmi inayoitwa MeSH. Kwenye orodha hiyo "Football" ni ule mchezo wa Marekani na Kanada, na raga imewekwa humo humo. Mpira wetu huu wa Kariakoo dabi unaitwa "Soccer". Kwahiyo lazima uweke yote mawili, kwa sababu Waingereza na watu wa Ulaya kwenye ikisiri zao wanaandika "football" huku neno la mada likiwa "Soccer", ukiacha moja unapoteza makala nzuri. Zile za helmeti utazitoa kwa macho wakati unapitia vichwa vya makala, haichukui muda.

Jambo lingine, usikimbilie kubonyeza kile kichujio cha "Free full text". Najua kinavutia. Lakini ukikibonyeza mwanzoni utakuwa unaandika sura ya pili, ile ya mapitio ya tafiti, kuhusu utafiti uliokuwa wa bure, siyo utafiti uliopo, na msimamizi makini ataona. Sachi vyote kwanza, chagua unavyovihitaji kwa kusoma ikisiri, halafu ndo uanze kuhangaikia namna ya kuvipata.

Na usiishie PubMed. Yenyewe ni ya tiba, kwahiyo mambo ya ufundishaji wa michezo, saikolojia ya mchezaji, uongozi wa klabu, elimu ya viungo mashuleni, mengi hayamo. Databezi ya michezo hasa ni SPORTDiscus, ilianzishwa na kituo kimoja cha taarifa za michezo cha Kanada na sasa iko chini ya kampuni ya EBSCO, hiyo inalipiwa. Nenda maktaba ya chuo chako ukaulize wana vifurushi gani vya EBSCO, na uulize jambo la pili ambalo wanafunzi wengi hawaliulizi kabisa: Research4Life. Huu ni mpango ambao mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa waliuanzisha ili nchi kama yetu zisome majarida ya kulipia, sehemu yake ya afya inaitwa Hinari na ilianza 2002 ikiwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Anayesajiliwa ni taasisi, siyo mtu binafsi, kwahiyo neno la siri liko kwa mkutubi wako. Vilevile vyuo vyetu vina umoja wao, COTUL, unaofuatilia upatikanaji wa majarida haya kwa pamoja. Yani mwanafunzi yuko hosteli anakopa hela ya kununua makala moja kwa dola thelathini na kitu, wakati kibali cha kuisoma kipo mezani kwa dada wa rejea ghorofa ya chini. Inaniuma sana hii. Waulizeni wakutubi jamani, ndo kazi yetu.

Kuhusu supavaiza, anachotaka ni rahisi kama utaanza leo na kigumu kama utasubiri mwisho. Kwenye daftari, kila ukisachi andika tarehe, jina la databezi, maneno uliyoandika neno kwa neno pamoja na zile OR na AND, vichujio ulivyoweka, na yalitoka matokeo mangapi. Ukiona makala ya maana iweke Zotero hapo hapo, ni programu ya bure na itakupangia rejea mwishoni. Google Scholar itumie, sina ugomvi nayo, ni nzuri sana ya kuanzia na ya kuvuta uzi, pale chini ya makala pana "Cited by", ukibonyeza unaona nani walikuja kuitaja makala hiyo baadaye. Ila isiwe ndo chanzo pekee, mana huwezi kuibana kwa maneno ya mada, na mpangilio wa matokeo ni wa kwao wenyewe, mwenzio akirudia kesho anaweza kuona orodha nyingine.

Habari mkutubi. Mimi ni kocha, nafundisha vijana wa mtaani wa miaka 14 mpaka 17, uwanja wetu ni wa mchanga na una mashimo. Kila msimu wanaumia enka na nyama za paja. Nimesikia kuna zoezi la FIFA 11+ na lingine la kupiga magoti, nataka nijue kama kweli yanafanya kazi au ni maneno tu. Sina chuo, nina simu. Nikibonyeza makala naambiwa nilipie.
Kocha, Mbagala

Nzuri kocha wangu, pole na hongera kwa kazi. Habari njema ni kwamba kwa swali lako hili mengi ya muhimu yako wazi na yanafunguka kwenye simu.

Andika kwenye PubMed "FIFA 11+" AND soccer, halafu pembeni kwenye vichujio chagua "Randomized Controlled Trial", yani zile tafiti ambazo timu zimegawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikafanya zoezi na nyingine zikaendelea na mazoezi yao ya kawaida. Ukiwa kocha hizo ndo za kuanza nazo, kwa sababu zinalinganisha kweli, haziishii kwenye mtu kutoa maoni. Wewe huandiki tasnifu kwahiyo kwako ruksa kutumia na kile cha "Free full text", kile nilichomkataza mdogo wetu wa Sinza. Makala yenye alama ya PMC (PubMed Central, hifadhi ya makala nzima) inafunguka yote bila malipo.

Kuna mbili nataka uzisome mwenyewe. Ya kwanza ilitoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2008, ilifanyika Norwei kwa wasichana wa miaka 13 mpaka 17, klabu 125, wachezaji 1,892. Hapa nikuoneshe namna ya kusoma ikisiri, kwa sababu wengi wanasoma mstari wa mwisho tu. Watafiti walisema mapema kwamba kitu kikuu watakachopima ni majeraha ya miguu, kuanzia kinena, paja, goti, enka mpaka unyayo. Matokeo ya hicho kitu kikuu yalikuwa mazuri kwa waliofanya zoezi ila tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka ya bahati. Lakini majeraha makubwa, yale ya kumweka mtu nje muda mrefu, yalipungua karibu nusu, na yale ya kuchosha kiungo kwa kurudiarudia pia yalipungua zaidi ya nusu. Ukisoma haraka unaweza kusema imeshindwa, au unaweza kusema imefaulu kwa kila kitu, na yote mawili si kweli.

Ya pili ndo ya kwako hasa. Ilifanyika Lagos, Nijeria, ikatoka 2014 kwenye Journal of Sports Science and Medicine, jarida ambalo liko wazi bure. Timu 20, vijana 416 wa kiume wa miaka 14 mpaka 19, miezi sita. Timu zilizofanya 11+ zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kwa ujumla, na ya miguu pungufu kwa asilimia 48. Hawa ni vijana wa umri wa wachezaji wako, wa jiji kubwa la Afrika lenye joto na unyevu wa pwani kama letu, siyo wasichana wa Norwei. Ndo mana nawaambia watu kila siku, ukimaliza kusachi kwa ujumla, rudia tena na uongeze jina la nchi au la bara, "Nigeria", "Kenya", "Tanzania", "South Africa", "Africa", utashangaa. Ukiisoma angalia sehemu ya mbinu, uone walifanya mara ngapi kwa wiki na nani aliwafundisha makocha, kwa sababu zoezi linalofanyika siku mojamoja halitakupa namba hizo. Lenyewe ni la dakika kama 20, mazoezi 15 kwenye sehemu tatu, kukimbia taratibu, kisha nguvu na mizani na kuruka, kisha kukimbia kwa kasi, na halihitaji kifaa cha kununua.

Lile la kupiga magoti linaitwa "Nordic hamstring". Mchezaji anapiga magoti, mwenzie anamshika vifundo vya miguu kwa nyuma, halafu anajiachia mwili mzima kwenda mbele polepole huku akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka anadondokea mikono. Utafiti mkubwa ni wa Denmaki wa 2011, timu 50, wachezaji 942 wa kulipwa na wa ridhaa. Timu ambazo hazikulifanya zilipata majeraha 52 ya ghafla ya nyuma ya paja, zilizolifanya zilipata 15. Idadi ya wachezaji pande zote mbili ilikaribiana kwahiyo hizo namba zinalinganishika moja kwa moja. Lakini kocha, tafadhali soma jedwali la mpango wao kabla hujawapa vijana. Wiki ya kwanza walifanya siku moja tu, seti mbili za mara tano tano, wakaongeza kidogo kidogo kwa wiki kumi. Ukiwapa vijana seti tatu za mara kumi siku ya kwanza, kesho yake hawakanyagi chini kwa maumivu na hawatakubali tena kulifanya.

Hiyo ya Denmaki unaweza kukutana na mlango wa kulipia. Usilipe. Chukua kichwa cha makala kama kilivyo, kibandike Google Scholar, angalia kama kuna PDF pembeni, kama haipo bonyeza "All versions", mara nyingi chuo cha mwandishi kimeweka nakala halali. Ukitumia kompyuta kuna kiongezi cha kivinjari kinaitwa Unpaywall, kinakutafutia nakala ya wazi chenyewe. Ikishindikana mwandikie mwandishi, barua pepe yake iko kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, mwambie wewe ni kocha Dar es Salaam na unafundisha vijana, watafiti wengi wanafurahi mtu wa uwanjani akiwasoma. Na hata kama huna kitambulisho cha chuo, nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi au ukaulize maktaba ya chuo kilicho karibu, baadhi ya mikataba ya majarida inamruhusu mtu aliyekaa ndani ya maktaba kusoma hapo hapo.

Kwa majeraha ya enka na namna ya kumrudisha mchezaji uwanjani, ongeza PEDro kwenye orodha yako. Ni databezi ya bure ya tiba ya viungo kutoka Sydney, ilianza 1999, na raha yake majaribio yaliyomo yanapewa alama za ubora kati ya 10, kwahiyo mtu ambaye hajasomea takwimu anaona mapema ipi ina mashiko.

Dada naomba msaada wa haraka. Niliiomba programu ya akili mnemba inipe rejea ishirini za mazoezi ya nguvu kwa vijana, ikanipa na majina ya waandishi na majarida. Msimamizi kasema nusu hazipo duniani. Nitajuaje ipi ipo?
Mwanafunzi wa shahada ya pili, Ubungo

Hilo linatokea sana na msimamizi wako amekuokoa. Programu hizo zinaweza kutunga kichwa cha makala kinachosikika sawa kabisa, zikakipachika kwa mwandishi aliyepo kweli na jarida lililopo kweli. Kila rejea ichukue moja moja. Ina namba ya DOI, yani namba ya utambulisho wa makala? Ibandike doi.org, ikifunguka kwenye makala nyingine au isifunguke kabisa, weka alama ya swali. Kichwa kiweke ndani ya alama za semi kwenye Google Scholar na PubMed. Kisha ingia kwenye tovuti ya jarida lenyewe, fungua mwaka na toleo lililotajwa, angalia kama ukurasa huo una hiyo makala. Isipoonekana kote huko futa, usiitafutie mbadala wa kufanana nayo. Ikionekana, isome, mana kuwepo si sawa na kusema kile ulichoambiwa inasema. PubMed pia inaonesha kwa maandishi makubwa kama makala ilikwisha kufutwa na jarida lake, liangalie hilo.

Programu hizo zina sehemu yao, ziombe zikupe majina mbadala ya kujaza zile safu tatu nilizomwelezea mwenzio hapo juu, kwa kazi hiyo zinasaidia. Rejea katafute mwenyewe.

Na kwa kuwa uko shahada ya pili utaanza kupokea barua pepe za majarida yanayokusifia na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipia. Angalia jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya wazi iliyopitiwa, kabla hujatoa hata senti.

Asalaam aleykum. Nafundisha michezo sekondari, timu yangu ya netiboli wengi ni wasichana wanaofunga Ramadhani na mashindano huwa yanaangukia humo humo. Nimetafuta utafiti wa Tanzania kuhusu kufunga na mazoezi sijaona. Je hakuna kabisa?
Mwalimu, Temeke

Waaleykum salaam mwalimu. Utafiti wa kufunga na michezo ni mwingi kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa imetoka Afrika, hasa Tunisia na Algeria, kuna mmoja wa wachezaji wa kulipwa wa Algeria ulitoka kwenye British Journal of Sports Medicine mwaka 2007, unaweza kuanza nao na kuvuta uzi kwa "Cited by". Kwenye kusachi andika "Ramadan" OR "Ramadhan" OR "intermittent fasting", ila hilo la mwisho litakuletea pia watu wa kupunguza uzito ambao wanakunywa maji mchana, hao si wenzenu, watoe. Safu ya pili weka "athletes", "adolescent", "team sport", "netball". Usianze na "netball" peke yake kwa sababu utafiti wa netiboli mwingi ni wa Australia, Nyuzilandi, Uingereza na Afrika Kusini na hauna sana habari za mfungo, kwahiyo panua uende kwenye mpira wa kikapu na wa mikono, mbio fupi fupi na kuruka ni zile zile.

Ukisoma hizo za Kaskazini mwa Afrika angalia jambo moja ambalo ni rahisi kulipita: utafiti ulifanyika mwaka gani na mwezi gani. Ramadhani inazunguka mwaka mzima. Kati ya 2012 na 2015 iliangukia kwenye kiangazi chao, kwao jua linachelewa sana kuzama miezi hiyo, kwahiyo mchezaji wa Tunis alikuwa anafunga saa nyingi kuliko msichana wako wa Temeke, ambaye mwaka mzima anafunga kama saa 13 na kitu tu. Kwa upande mwingine wewe una unyevu wa Dar ambao wao hawana, jasho halikauki. Ndo mana matokeo yao usiyabebe mazima. Angalia pia walipima saa ngapi, mana mchezaji anayepimwa saa nne asubuhi na anayepimwa saa kumi na moja jioni akiwa bado hajafuturu ni watu wawili tofauti kabisa, na mashindano ya shule mara nyingi ni jioni. Kwa wasichana ongeza na "female", kwa sababu tafiti nyingi zimepima wanaume, na wasichana wana siku ambazo hawafungi, mtafiti mzuri atakuwa ameeleza alizishughulikia vipi.

Kuhusu Tanzania, usiseme hakuna mpaka umepita sehemu mbili ambazo PubMed haizifikii vizuri. Ya kwanza ni AJOL, yani African Journals Online, ilianza 1998, sasa iko Afrika Kusini na inakusanya majarida ya Afrika, mengi hayamo kwenye databezi za Marekani. Ya pili ni hifadhi za tasnifu za vyuo vyetu wenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Muhimbili, Chuo Kikuu Huria, ziko mtandaoni na kazi nyingi humo zinafunguka bure. Humo utakuta kazi za wanafunzi kuhusu michezo mashuleni ambazo hazikuwahi kuingia kwenye jarida lolote. Sachi yake haina ujanja kama wa PubMed kwahiyo tumia neno moja moja, "sports", kisha "netball", kisha "physical education", kisha "fasting", na jaribu na Kiswahili pia. Ukipata tasnifu moja inayokaribiana nenda moja kwa moja kwenye orodha yake ya rejea mwishoni, huyo mwanafunzi alishakutangulia kutafuta. Na ukipita kote ukakosa, niandikie tena useme ulitumia maneno gani na wapi, nitaichukua barua yako na kuuliza kwa wakutubi wenzangu wa vyuo vingine.